Samaki waliokufa alasiri: uchambuzi wa kisa cha mtaro wa mvua chuoni

Mazingira ya chuo

Chuo kimejengwa kwenye mteremko. Juu kabisa ziko maabara za sayansi, katikati maktaba na bwalo la chakula, chini yake mabweni, na mwisho wa mteremko kuna bwawa la mita 60 kwa 25, kina cha wastani mita moja, linalotumiwa na wanafunzi wa biolojia kwa mafunzo ya vitendo. Kabla ya bwawa kuna kibwawa cha kutuliza tope, mita 12 kwa 8, kina chake nusu mita, yaani mita 48 za ujazo. Mtaro mkuu wa mvua wa upande huo humwaga ndani ya kibwawa hicho. Maji yakitoka bwawani huingia kijito kilicho nje ya uzio. Jina la chuo, tarehe na vyeo halisi vimeachwa makusudi.

Chini ya ardhi kuna mitandao miwili ambayo haipaswi kukutana. Wa majitaka hupokea vyoo, mabafu na masinki, nao huishia kwenye mtambo wa kusafishia. Wa mvua hupokea mapaa, barabara na viwanja, na hauna mtambo wowote mbele yake. Kilichoingia kwenye tundu la kando ya barabara ndicho kitakachotokea bwawani, kikiwa vilevile kilivyoingia. Watumishi wengi, wakiwamo waliokaa chuoni miaka mingi, waliamini kwamba mitandao yote miwili inaelekea kwenye mtambo. Ukiamini hivyo, kumwaga ndoo ya maji ya deki mtaroni ni usafi wa kawaida tu.

Mambo mawili yalikuwa yamebadilika. Maktaba ilikuwa inaongezewa jengo, na mkandarasi alikuwa amefika hatua ya kumwaga zege la sakafu ya ghorofa ya kwanza. Pia, miaka kadhaa nyuma, ghala la chini la bweni moja liligeuzwa chumba cha kufulia na vyoo. Michoro ya mabomba ilikuwepo, lakini kila awamu ya ujenzi ilikuwa na mchoro wake na hakuna aliyewahi kuiunganisha.

Kilichotokea

Siku ya kumwaga zege, lori la kwanza lilifika saa moja asubuhi na la kumi na nne likaondoka saa nane mchana. Mvua haikuwa imenyesha kwa siku nne. Saa tisa alasiri mtunza bustani aliona samaki wakielea kwenye kibwawa cha tope. Katika bwawa kubwa hakukuwa na samaki hata mmoja aliyekufa.

Alifanya mambo mawili yaliyookoa uchunguzi wote: alipiga picha zenye saa, na akachovya vibanzi vya kupimia maji ya bwawa la kuogelea. Rangi ya pH (kipimo cha asidi na alkali: 7 ni katikati, juu yake ni alkali) ilifika mwisho wa kipimo cha kibanzi, 8.4, kwa hiyo ikajulikana tu kwamba ni zaidi ya hapo. Fundi wa maabara aliitwa na kipima pH cha mkononi. Kilisoma 9.6. Sampuli iliyochotwa wakati huohuo ilionyesha amonia yote kuwa miligramu 2 kwa lita, na joto la maji lilikuwa nyuzi 25.

Jioni hiyo kulikuwa na mapendekezo mawili ya haraka. La kwanza lilikuwa kufungua bomba la zimamoto ili maji safi yapunguze makali. La pili lilikuwa kumwaga asidi ya haidrokloriki ili pH ishuke. Yote mawili yalikataliwa, na sababu zake ziko mbele. Kilichofanyika ni kuziba mdomo wa mtaro kwa viroba vya mchanga, kuweka pampu ya kuzamisha katika chemba ya mwisho, na kusukuma kila kilichokuja kwenda mtandao wa majitaka, baada ya kupata ruhusa ya wasimamizi wa mtambo. Ruhusa hiyo si urasimu: maji ya pH ya juu yakiingia kwa wingi yanaweza kuua bakteria ambao ndio kazi yote ya mtambo.

Siku mbili zilizopotea

Maelezo ya kwanza yaliyozunguka chuoni yalikuwa kwamba joto limemaliza oksijeni. Hayakulingana na saa. Katika bwawa lenye mwani, oksijeni hufika chini kabisa alfajiri, kwa kuwa usiku mwani hupumua bila kuizalisha. Alasiri huwa nyingi kupita wakati wowote wa siku. Samaki wa kukosa oksijeni hukutwa asubuhi, na huwa wametawanyika bwawa zima au wamekusanyika juu wakihema. Hawa walikufa mchana, mahali pamoja, karibu na mdomo wa mtaro.

Maelezo ya pili yalikuwa na sura ya sayansi, na ndiyo yaliyokula muda. pH ya 9.6 ina maana kuna alkali, alkali kali chuoni ni kostiki soda, na kostiki soda iko stoo ya kemia. Maabara mbili zilifungwa. Daftari za kemikali zilikaguliwa, chupa zikahesabiwa, mafundi wakahojiwa. Hakuna kilichopungua.

Kosa la hoja hiyo lilikuwa kuanza na mtu anayeshukiwa badala ya mahali maji yalikopita. Ushahidi wa kuikanusha ulikuwepo tangu saa ya kwanza, kwenye mawe ya mdomo wa mtaro: utando mweupe, mgumu kidogo, uliotoa mapovu ulipodondoshewa siki. Huo ni kalisi kabonati. Kostiki soda haiachi utando wa namna hiyo. Maji ya saruji huuacha, kwa kuwa yamebeba chokaa, na chokaa hukutana na kabonidioksaidi ya hewani na kuganda juu ya chochote kilicho karibu.

Kupanda mtaro

Asubuhi ya siku ya tatu kazi ilianza upya, safari hii kutoka mdomo wa mtaro kwenda juu. Kanuni ni kwamba ukaguzi hufanyika baada ya siku mbili au tatu bila mvua. Mtaro wa mvua usio na mvua unapaswa kuwa mkavu, isipokuwa pale chemchemi inapojipenyeza. Maji yakionekana, yana mwenyewe.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ndoo ya lita 10 ilijaa kwa sekunde 80 kwenye mdomo wa mtaro, yaani kama lita 450 kwa saa. Saa nane mchana hapakuwa na kitu isipokuwa unyevu. Saa moja usiku maji yalirudi. Chemchemi haina ratiba ya kuamka na kulala. Maji hayo yalifuata maisha ya watu. Ukaguzi wa chuo ulikuwa umefanywa kila mwaka, lakini mara zote saa za kazi, mchana, wakati mtaro umekauka. Kwa hiyo kila mwaka fomu ilijazwa “hakuna mtiririko”.

Chemba kati ya mdomo na kilele zilikuwa 22. Badala ya kuzifungua moja baada ya nyingine, wakaguzi waligawa mtaro nusu kwa nusu: fungua ya katikati, kama maji yapo panda juu, kama hayapo shuka chini, kisha gawa tena. Kwa mstari ulionyooka, chemba tano zinatosha kufika kwenye chanzo. Mitaro halisi ina matawi, kwa hiyo walianza na chemba za makutano, ambako unaweza kuona kila bomba linaloingia ni kavu au limelowa. Kwa kuwa michoro haikuaminika, kila chemba iliyofunguliwa iliandikwa: kina, kipenyo na mwelekeo wa kila bomba, na kama kuna bomba lisilo kwenye mchoro. Mabomba manne hayakuwa kwenye mchoro wowote.

Hakuna aliyeingia ndani ya chemba, wala kuinamisha kichwa juu ya chemba iliyofunguliwa muda huohuo. Kuna gesi ya haidrojeni salfaidi inayoua pua kabla ya kumuua mtu: harufu yake ikizidi huisikii tena. Vilitumika fito ndefu, kioo cha kuakisia jua, na chupa iliyofungwa kwenye mti.

Kwa mtiririko unaokuja na kupotea kulikuwa na njia mbili rahisi. Ya kwanza ni kiroba kidogo cha mchanga chini ya bomba linaloshukiwa, kiachwe usiku mzima. Asubuhi utakuta dimbwi nyuma yake kama kuna aliyemwaga, na sampuli unayo. Ya pili ni pamba ambayo haijatiwa weupe, iliyowekwa ndani ya kikapu cha waya na kuachwa kwenye bomba siku kadhaa. Sabuni za kufulia huwa na dawa ya kung'arisha nguo, na dawa hiyo hushika pamba. Ukiimulika gizani kwa taa ya urujuanimno, kama zile za kukagulia noti, pamba yote hung'aa samawati. Iking'aa kwa vidoadoa tu, hiyo ni nyuzi za karatasi au vumbi, usiihesabu. Pamba ya duka la dawa haifai. Nyingi imeshatiwa weupe kiwandani na itang'aa hata ikichovywa maji ya mvua.

Jibu la mwisho lilitolewa na rangi ya kufuatilia maji, fluoresini ya kijani. Ilimwagwa kwenye choo cha chini cha bweni, yakafuata maji mengi, huku watu wawili wakingoja: mmoja kwenye chemba ya mvua, mwingine kwenye chemba ya majitaka. Kumweka mtu wa pili si kupoteza nguvu kazi. Rangi isipoonekana mtaroni, hiyo haithibitishi kitu mpaka ionekane kwenye majitaka. Huenda imekwama, au imekwenda kwenye bomba usilolijua. Kwa sababu hiyohiyo choo cha pili hakijaribiwi kabla rangi ya kwanza haijaisha. Na wanaoishi chini ya kijito huarifiwa mapema, la sivyo simu za maji ya kijani zitaingia kabla ya matokeo.

Ndani ya dakika sita mtaro wa mvua ulikuwa wa kijani.

Vyanzo vitatu

*Ujenzi.* Kila lori la zege likishamaliza kumwaga, dereva husuuza mlizamu wake, yaani mfereji ambao zege huteremkia kutoka kwenye lori. Mahali palipokuwa pamewekwa kwa kazi hiyo palikuwa ukingo wa barabara, mita tatu kutoka tundu la mtaro. Kwa kipimo cha baadaye, mlizamu mmoja ulikula lita 40, na kusafisha pampu ya zege lita 400. Malori 14 na pampu ni karibu mita moja ya ujazo ya maji ya saruji kwa siku moja, ambayo pH yake huwa kati ya 12 na 13.

Msimamizi wa ujenzi alishangaa kwa dhati, kwa kuwa alikuwa ameweka uzio wa kitambaa kuzunguka tundu. Uzio ulifanya kazi yake: ulizuia kokoto na tope. Lakini kitambaa huzuia kinachoelea na kuchanganyika, hakizuii kilichoyeyuka. Yaliyopita upande wa pili yalionekana maangavu kama ya kunywa, na pH yake ilikuwa 12 ileile.

*Bweni.* Ghala lilipogeuzwa chumba cha kufulia na vyoo, chemba ya majitaka iliyokuwa mbele ya jengo ilikutwa iko juu mno. Maji yasingeshuka kuifikia. Chemba ya mvua ilikuwa mita mbili kutoka ukutani, tena chini. Fundi bomba aliunganisha hapo. Mchoro wa ukarabati ulisema “unganisha kwenye chemba iliyo karibu” bila kusema chemba ipi, na aliyekagua alijaribu kama maji yanaondoka haraka. Yaliondoka haraka sana.

*Jiko la bwalo.* Hapa palikuwa na maji ya deki, mapipa ya taka na mikeka ya mpira iliyokuwa ikioshwa nje ya mlango wa nyuma, juu ya mfereji wenye kifuniko cha nondo. Sinki la kumwagia maji ya deki lilikuwepo ghorofa ya juu, ndani ya chumba kinachofungwa saa kumi na mbili jioni. Zamu ya usafi ilianza saa mbili usiku na haikuwa na ufunguo. Kwa mwaka mzima, basi, zamu hiyo haikuwa na mahali halali pa kumwaga maji.

Kwa nini samaki walikufa siku ile na si nyingine

Maji ya vyoo, yenye amonia, yalikuwa yakiingia kwenye kibwawa kwa miaka kadhaa, na samaki waliishi. Zege lilikuwa limemwagwa pia miezi miwili kabla, kwa msingi, na hawakufa. Wakati huo lakini malori yalikuwa matano na mvua ilinyesha usiku wake. Kilichobadilika ni kukutana kwa viwili.

Amonia ndani ya maji huwa na sura mbili zinazogeukageuka. Moja ni ioni ya amoniamu, ambayo samaki huivumilia. Nyingine ni amonia huru, inayopenya matamvua na kuua hata ikiwa kidogo. Kinachoamua kiasi cha kila moja ni pH, na kwa sehemu ndogo joto. Kwa nyuzi 25, pH ikiwa 7.4, amonia huru ni kama asilimia 1.4 tu ya yote. pH ikiwa 9.6, inafika karibu asilimia 69. Kwa hiyo miligramu 2 zilezile kwa lita, ambazo juzi yake zilikuwa na amonia huru ya 0.03, alasiri ile zilikuwa na takriban 1.4. Hakuna aliyeongeza amonia. Saruji iligeuza iliyokuwepo, ikaizidisha sumu karibu mara hamsini ndani ya saa chache.

Jua lilichangia pia: mwani ukifanya kazi mchana hunyonya kabonidioksaidi na kupandisha pH, hivyo alasiri kibwawa kilikuwa tayari kimeegemea upande huo. Bwawa kubwa lilinusurika kwa ukubwa wake. Mita moja ya ujazo ya maji ya saruji ni nyingi ndani ya mita 48, ila si kitu ndani ya 1,500.

Mafuta ya jikoni hayakuua samaki siku hiyo. Yalikuwa yakiongeza uchafu unaooza na kula oksijeni, na yangekuwa na siku yake.

Maamuzi na sababu zake

Maji ya bomba yalikataliwa kwa sababu ya klorini. Kiasi kinachoachwa ndani yake kwa usalama wa wanywaji kinatosha kuwadhuru samaki. Hata sehemu ya kumi ya miligramu kwa lita ni nyingi kwao. Asidi ilikataliwa kwa sababu haina breki: ukizidisha lita chache pH inaporomoka hadi 4, na kwenye kibwawa kisichochanganyika vizuri huzidisha upande mmoja na kupunguza mwingine. Pale ambapo maji ya saruji ni lazima yapunguzwe makali, hufanyika ndani ya tangi, kwa kabonidioksaidi inayopitishwa kama mapovu. Gesi hiyo hata ikizidi haishushi pH ya maji ya namna hiyo kufikia kiwango cha hatari.

Kwa mkandarasi, uamuzi haukuwa kumwandikia barua ya onyo. Mkataba wake ulisema “mkandarasi atatunza mazingira”, sentensi isiyo na mahali, kipimo wala malipo. Kisichokuwa kwenye orodha ya vipimo na bei hakijengwi. Iliongezwa kazi ya kulipwa yenye vipimo hivi:

- Shimo la kuoshea zege, mita 3 kwa 2, kina sentimita 60, umbali usiopungua mita 15 kutoka tundu lolote la mtaro, na lenye njia ya lori kuingia na kutoka.
- Plastiki nzito ya mikroni 250, kipande kimoja kisicho na kiungo, kinachopanda kingo zote na kulaliwa na viroba vya mchanga.
- Turubai la kufunika, kwa kuwa mvua moja kubwa hulijaza shimo na kumwaga kila kitu nje.
- Kusafishwa likijaa robo tatu. Zege lililoganda huvunjwa na kwenda na kifusi. Maji huachwa yakauke au hubebwa, hayasukumwi mtaroni hata yakiwa maangavu.
- Kipimo cha pH kwenye chemba inayofuata, kabla na baada ya kila siku ya zege, kikiandikwa na mtu wa chuo, si wa mkandarasi.

Kwa shimo la vipimo hivyo, ukiacha sentimita 10 za juu bila kujazwa, nafasi ni mita 3 za ujazo, na robo tatu ya nafasi hiyo ni zaidi ya mita 2. Inatosha siku mbili za zege kabla ya kusafisha.

Bwenini kulikuwa na njia mbili: pampu ya kuinua majitaka hadi chemba ya mbele, au bomba jipya hadi chemba ya majitaka ya nyuma, mita 34. Pampu ilikuwa nafuu kuiweka. Ilikataliwa kwa kuwa umeme ukikatika au kielea chake kikikwama, majitaka hufurika ndani ya chumba, na baada ya mafuriko ya kwanza mtu atatoboa tundu la dharura kwenda mtaroni. Bomba la milimita 110 kwa mteremko wa 1 kwa 60 lilihitaji kushuka sentimita 57; tofauti iliyokuwepo ilikuwa 70. Bomba la zamani lilikatwa na kuzibwa kwa zege pande zote mbili, upande wa jengo na upande wa chemba. Kuziba upande mmoja ni kumwachia fundi ajaye kishawishi. Kisha rangi ilimwagwa upya kwenye kila choo, sinki na mashine.

Jikoni, kabla ya kubandika tangazo lolote, lilijengwa jukwaa la kuoshea: sakafu ya zege ya mita 3 kwa 2.5, mteremko wa asilimia 2 kuelekea tundu la katikati, kingo za sentimita 10, na paa. Paa si anasa. Bila hilo mvua yote ya jukwaa huingia kwenye majitaka na kufurisha mtambo. Tundu linapita kwenye chemba ya mafuta. Chemba hiyo ilikuwepo tangu zamani, ila imejaa. Kipimo ni kuchovya kijiti: mafuta ya juu na mashapo ya chini yakifika kwa pamoja robo ya kina, safisha, kwa kuwa zaidi ya hapo maji hupita haraka mno na mafuta hayapati muda wa kuelea. Sinki la deki la pili liliwekwa chini, ukingo wake sentimita 30 tu kutoka sakafuni, ili ndoo iliyojaa iinamishwe bila kunyanyuliwa.

Matokeo

Katika siku zote za zege zilizofuata, pH ya juu kabisa iliyoandikwa kwenye chemba ilikuwa 8.3. Mtiririko wa asubuhi ulikoma siku bomba la bweni lilipokatwa. Amonia kwenye kibwawa ilishuka chini ya 0.2 ndani ya wiki chache, na haikushuka siku moja kwa sababu tope la chini liliendelea kuitoa. Ilibidi tope liondolewe.

Jikoni matokeo yalikuwa ya kupanda na kushuka. Miezi minne mfereji ulikuwa mkavu. Kisha kampuni ya usafi ikabadilika, wafanyakazi wapya wakaja, na alama za mafuta zikarudi kwa wiki tatu. Jukwaa lilikuwepo, ila hakuna aliyewaonyesha. Sasa kuonyeshwa mahali pa kumwaga kumo kwenye orodha ya siku ya kwanza ya kazi, na bomba la nje lililokuwa juu ya mfereji limeng'olewa, hatua ambayo ingestahili kuchukuliwa mwanzoni.

Chuo pia kilichora alama pembeni ya kila tundu: “Maji haya yanakwenda bwawani.” Ziliwasaidia wageni na wanafunzi. Wachoraji wenyewe walikutwa wakisuuza brashi kwenye tundu la mwisho walilolichora.

Kilichofaa na kilichoshindwa

Kilichofaa kuliko vyote ni kipimo cha saa ya kwanza. pH haisubiri: sampuli iliyoachwa wazi usiku kucha hunyonya kabonidioksaidi na kushuka, na siku ya pili ingesoma namba isiyoeleza kitu. Mtunza bustani na vibanzi vyake walifanya zaidi ya ripoti zote zilizofuata. Chuo kimeweka kipima pH, vibanzi vya amonia na chupa safi kwenye kibanda cha mlinzi karibu na bwawa. Fundi wa maabara hukipima kipima hicho kila mwezi, maana kipima pH kisichopimwa kwa maji ya rejea, ambayo pH yake inajulikana, hudanganya polepole bila kuonyesha.

Uamuzi wa kutotafuta wa kumwadhibu ulizaa faida ambayo haikupangwa. Wafanyakazi wa jikoni walipoona jukwaa linajengwa kabla ya lawama, walitaja mahali pengine pawili ambapo watu humwaga: nyuma ya karakana ya rangi, na kwenye eneo la kuoshea mabasi ya chuo. Hakuna ukaguzi uliokuwa umepagusa.

Kufunga maabara kulikuwa na gharama ya pande mbili. Muda ulipotea, na watu wa kemia, ambao ndio wenye vifaa na ujuzi wa kupima, walihisi wanashtakiwa wakati msaada wao ulihitajika. Ilichukua maombi kuwarudisha. Maabara zilijaribiwa mwishowe kwa rangi kama majengo mengine, na masinki yote yalikutwa yanakwenda majitaka.

Ukaguzi wa mwaka ulishindwa kwa ratiba, si kwa uzembe. Sasa kila mdomo wa mtaro hutazamwa mara moja alfajiri na mara moja usiku, siku isiyo na mvua. Kanuni za Marekani za mwaka 1999 kuhusu maji ya mvua, zinazobana pia taasisi kubwa zenye mitaro yao wenyewe, zinaweka kusaka maji yasiyo ya mvua kama wajibu wa kujitegemea, mbali na usimamizi wa ujenzi na mbali na usafi wa kila siku. Utengano huo una mantiki: katika kisa hiki idara ya miliki iliyatia yote kwenye fomu moja, na sehemu ngumu zaidi ndiyo iliyojazwa kwa alama ya vema.

Sehemu isiyoguswa ni maegesho. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi hubeba mafuta ya injini, vumbi la breki na majani makavu kwa wingi kuliko mvua zinazoifuata, na kwa hilo hakuna bomba la kukata. Mtaro wa pili nao, ulio upande wa nyumba za watumishi, umewekewa pamba kwenye chemba sita. Mbili kati yake zimeng'aa pamba nzima, na kazi ya kugawa nusu kwa nusu inaanzia hapo.